Unahama Keja Eldoret Julai Hii? Soma Hii Kabla Mvua Ikufunze

Picha ni hii. Ni Jumamosi, saa nane na nusu mchana, uko Langas. Pikapu imejaa: kitanda kimefunguliwa, meza, magunia mawili ya nguo, ndoo ya masufuria, na juu ya kila kitu, godoro. Dere anataka kutoka. Wewe bado unabishana na caretaker juu ya bili ya maji. Unainua macho unaona wingu jeusi limeshuka chini, unajiambia, "Tutafika tu."

Hamfiki. Mko kwa jam ya Uganda Road mvua inaanguka kama imetumwa, na lile godoro ulilonunua kwa kujinyima miezi miwili linakunywa maji yote. Usiku huo unalala kwa simiti ya keja mpya, umejifunika lesso ya mathe.

Kila Juni hadi Agosti kuna msee wa 64 anapitia hii movie. Si bahati mbaya. Baridi na mvua ya hapa zina mpangilio wake, na ukiujua unaweza kuhama bila kupoteza vitu, bila kuibiwa deposit, na la muhimu kabisa, ukaamka mzima kesho yake. Hiyo ya mwisho si mzaha. Tutafika huko.

Kwanza elewa: baridi ya Eldo si ya Nairobi

Ukicheki ramani, Eldoret iko kama nusu digrii kaskazini mwa ikweta. Yaani Julai tuko upande mmoja wa dunia na wasee wa London, wenye wakati huo wako nje wanaota jua. Lakini ground, wewe umevaa jaketi mbili na kofia ya kufuma. Mbona?

Sababu ya kwanza ni urefu. Mji uko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa kama digrii 6. Ya pili, miezi hii ndiyo kipupwe kusini mwa dunia, na upepo kutoka huko unatuletea hewa baridi. Ya tatu ni mawingu yanayoziba jua mchana. Usiku na alfajiri baridi inaweza kushuka chini ya digrii 10.

Sasa hapa ndipo wasee waliotoka Nairobi huchomeka. Nairobi, Julai ni baridi ya mawingu na rasharasha. Mvua yao kubwa huwa imeisha Mei. Sisi huku magharibi ya Bonde la Ufa mvua haijaisha. Uasin Gishu hunyeshewa kuanzia Machi hadi Septemba, na Agosti ni kati ya miezi yenye mvua humwagika zaidi. Ndiyo maana mahindi yetu huwa bado yamesimama shambani. Kwa hivyo hapa huhami kwa baridi pekee. Unahama kwa baridi na matope pamoja.

Habari njema ni kwamba mvua yetu huwa na ratiba. Asubuhi jua hupasha ardhi, hewa yenye unyevu inapanda, inapoa huko juu, inakuwa wingu, halafu mchana inarudi chini, saa zingine na mvua ya mawe. Si kila siku, lakini mara nyingi sana asubuhi huwa kavu na mchana huwa noma. Weka hiyo kwa kichwa, tutaitumia.

Keja ya Januari hudanganya, ya Julai husema ukweli

Wengi hufikiri kutafuta keja wakati wa mvua ni laana. Kumbe ni kinyume. Januari kila keja inakaa fiti: rangi inang'aa, barabara ni kavu, jua linaingia kwa dirisha. Julai keja haina mahali pa kujificha. Kama mabati yanavuja, utaona. Kama plot inageuka swimming pool, utaona.

Kwa hivyo usiende kuona keja Jumapili asubuhi yenye jua. Nenda jioni, baada ya mvua kunyesha, ama asubuhi ya kesho yake. Na ukiwa ndani usiangalie taili na rangi pekee. Fanya hivi:

Weka mgongo wa mkono kwa kuta, hasa pembeni chini na nyuma ya mlango. Ukuta wenye unyevu huwa baridi kuliko ule mwingine na rangi yake huwa imevimba ama inabanduka. Ukiona madoa meusi kama vumbi yenye hayatoki, huo ni ukungu. Kama una pumu ama una mtoi, hiyo keja wachana nayo hata kama rent ni ya kutupa. Ukungu na kifua havikai nyumba moja.

Nusa. Ukifungua mlango ukutane na harufu ya rangi mpya kabisa katikati ya Julai, jiulize inaficha nini. Saa zingine ni usafi wa kawaida. Saa zingine ni madoa ya wiki jana yamepakwa juu.

Angalia juu. Keja ya mabati bila silingi, usiku joto lote linapanda na kupotea, na alfajiri pumzi yako inagonga bati baridi, inageuka maji, inakudondokea usoni. Silingi ikiwa na duara za rangi ya chai, maji yalipita hapo.

Kama ni mjengo mpya, na kuna mingi sana Kapsoya, Kimumu, Annex na kuelekea Kapseret, uliza plasta ilipigwa lini. Simiti mpya huwa na maji mengi ndani na kwa hii baridi hukauka polepole sana. Ukiwa mpangaji wa kwanza, wewe ndiye utaikausha na mapafu yako.

Mwisho, tembea. Shuka stage, enda hadi mlangoni kwa miguu. Hiyo njia ndiyo utapita saa kumi na mbili asubuhi ukienda job ama class, na hiyo ndiyo gari ya kuhama itapita. Udongo wetu mwekundu ukilowa hugeuka gundi. Muulize jirani, si caretaker: "Hapa mvua ikinyesha, maji huenda wapi?" Caretaker atakwambia hakuna shida, kijana wangu. Jirani atakuonyesha alama ukutani.

Doo: wapi wasee huangukia

Notisi kwanza. Wengi wetu hatuna mkataba wa maana, tunalipa mwezi kwa mwezi. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema upangaji wa aina hiyo unamalizwa kwa notisi isiyopungua kipindi cha upangaji wenyewe. Kama unalipa kila mwezi, basi ni notisi ya mwezi mmoja, na iishie siku ya kulipa rent. Kama kuna mkataba ulisaini, usome kwanza. Notisi iandike, hata kama ni meseji ya simu. Ile ya kumwambia caretaker mkipishana kwa geti haihesabiki, siku ya deposit atasema hakusikia.

Deposit ndiyo vita kubwa. Landlord atasema ukuta umechafuka, rangi mpya ni elfu kadhaa, soketi imevunjika. Wewe utasema ulikuta hivyo. Nani ataaminika? Mwenye picha. Siku ya kuingia keja mpya, kabla hata godoro halijaingia, piga video chumba kizima: kuta, silingi, sinki, choo, dirisha lenye ufa. Mtumie caretaker hapo hapo ili tarehe ibaki kwa simu za wote wawili. Siku ya kutoka, piga nyingine. Na rent na deposit lipa kwa M-Pesa ama benki, si keshi mkononi. Risiti za karatasi na mvua ya Eldo haziwezi kuishi pamoja.

Ukikatalia deposit bila sababu, kuna Mahakama ya Madai Madogo, ile iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiza kesi za hadi Sh1 milioni, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Deposit yako ya keja moja inaingia hapo vizuri. Mara nyingi landlord akisikia tu umetaja hiyo korti na una video, story inabadilika.

Ukipata msee anasema keja ni poa lakini "tuma kitu kidogo nikushikie, kuna watu watatu wanaitaka", usitume hata soo. Msimu huu matapeli wanajua hutaki kutembea kwa mvua. Wanakutumia picha za keja ya mtu mwingine, unalipa ukiwa umejifunika blanketi, asubuhi namba imezimwa. Ona keja kwa macho, ongea na mpangaji mmoja, ndio doo itoke.

Na stima: token ni ya mita, si ya mtu. Uniti ulizobakisha kwa keja ya zamani zinabaki huko, kwa hivyo wiki ya mwisho nunua kidogo kidogo. Huko unakoenda, nunua token ya doo ndogo kwanza uone inaleta uniti ngapi. Kama mita ina deni, litakatwa kwa doo yako.

Siku yenyewe: saa mbili asubuhi, si saa nane

Kumbuka ratiba ya mvua. Gari iwe mlangoni saa mbili asubuhi na vitu viwe ndani ya keja mpya kabla saa sita. Hiyo inamaanisha kufunga kila kitu usiku uliotangulia. Msee anayeanza kufunga vyombo dere akiwa nje ndiye huyo wa jam ya Uganda Road.

Tarehe pia ni muhimu. Kila mtu huhama kati ya tarehe 30 na 5, na madere wanajua. Ukielewana na landlord uingie katikati ya mwezi, utapata gari kwa bei ya kuongeleka na dere hatakuharakisha aende kwa mteja mwingine.

Ukipatana bei, mwambie dere ukweli wote: ni gorofa ya ngapi, na mita za mwisho kabla ya keja ziko aje. Kanta ikikwama kwa matope, hiyo saa yako ya asubuhi imeisha na vijana wa kusukuma nao watataka chao. Kama njia ni mbaya, afadhali pikapu ndogo mara mbili kuliko lori moja mara moja. Vitu vikiwa vichache na mahali ni karibu, mkokoteni ama tuktuk inatosha.

Na usidhani shida ya matope ni mpya hapa. Mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini walipanda hii nyanda ya Uasin Gishu na magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakizama njia nzima. Eldoret yenyewe ilianzia kwa shamba lililokuwa limeandikwa namba 64, ndiyo sababu hadi leo tunaitwa watu wa Sixty-Four. Kuna hadithi moja wazee hawachoki kusimulia: benki ya kwanza ilipoletwa mjini, mwaka 1912, sefu yake ilianguka kutoka kwa gari la ng'ombe. Ilikuwa nzito, hakuna mtu angeiinua, basi wakaamua kujenga benki pale pale ilipoangukia. Hata kama imeongezwa chumvi, funzo ni hili: kitu kizito hupangwa kabla, si kikishaanguka. Leo mji ni jiji rasmi tangu Agosti 2024, lakini tope halijasoma hiyo charter.

Kabla ya kutoka, mwambie caretaker awaarifu watu wa geti. Plot nyingi soja hakuachi utoke na vitu mpaka aambiwe huna deni. Na ile tabia ya kuhama usiku wa manane ukihepa rent, mbali na kuwa noma kwa jirani zako, giza na matope huvunja vitu kuliko kitu kingine chochote. Karao akikusimamisha saa nane usiku na TV kwa nduthi, utaeleza mpaka asubuhi.

Vitu vyenye havipendi maji

Godoro ndilo la kwanza kulindwa. Sponji ikilowa Januari unaanika siku moja. Julai itakaa wiki na katikati inaanza kunuka. Livishe karatasi ya nailoni ya upana, ile ya mita kwa hardware, funga na selotepu, liweke chini ya turubai, si juu ya mzigo kama bendera.

Nguo na blanketi zipige kwa mifuko mikubwa ya takataka kwanza, halafu ndiyo gunia. Gunia pekee halizuii maji. Blanketi mbili na nguo moja kavu zisiingie kwa gari kabisa: bebea kwa bag yako ya mgongo, pamoja na vyeti, kitambulisho, dawa na chaja. Hata lori likizama Sosiani, usiku utalala na kuvaa.

Friji isafiri imesimama. Ikibidi ilazwe, isimamishe masaa kadhaa kabla ya kuiwasha, kwa sababu mafuta ya kompresa huwa yamesambaa kwa mabomba. TV na laptop nazo usiwashe papo hapo. Zikitoka kwa baridi kuingia ndani kwenye joto la watu kumi wanabeba vitu, hewa inageuka matone ndani yake. Zipe saa moja ama mbili zizoee. Mtungi wa gesi usafiri umesimama, regulator imetolewa, na usikae nao kwa kabini madirisha yakiwa yamefungwa.

Usiku wa kwanza: hapa soma polepole

Umefika. Vitu viko ndani, umechoka kufa, kichwa kinauma. Stima haijaingia kwa sababu hujaweka token. Keja ni baridi kwa sababu haijakaliwa wiki tatu. Mapazia bado yako kwa gunia, basi umeziba dirisha na blanketi. Halafu unakumbuka una jiko la makaa. Unaliwasha nje mpaka moshi uishe, unaliingiza ndani, unafunga mlango, unalala.

Usifanye hivyo. Kila msimu wa baridi Kenya inazika watu kwa sababu ya hili jambo, na mara nyingi ni familia nzima ama mabeshte waliolala chumba kimoja.

Wengi huamini hatari ni moshi, kwa hivyo makaa yakishakuwa mekundu bila moshi yako salama. Ni uongo. Makaa mekundu ndiyo hutoa kwa wingi gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Ukiivuta, inashika damu yako kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hivyo damu inaendelea kuzunguka lakini haibebi hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuisha nguvu na usingizi mzito.

Sasa soma hizo dalili tena. Si ndizo umehisi siku nzima ukibeba kabati ngazi tatu? Ndiyo sababu usiku wa kuhama ni hatari kuliko usiku mwingine. Utafikiri ni uchovu. Na asubuhi hakuna jirani wa kukugongea, kwa sababu hakuna anayekujua bado. Jenereta na jiko la gesi kutumika kama hita kwa chumba kilichofungwa ni hadithi ile ile.

Badala yake: chemsha maji kwa gesi dirisha likiwa wazi, jaza chupa, funga na soksi, weka miguuni. Vaa soksi na kofia, laleni pamoja kama mko wawili, tandika katoni chini ya godoro ikiwa uko kwa simiti, maana baridi ya chini huiba joto kuliko ya juu. Ukiwa na stima, hita ya wati 2,000 inakula uniti mbili kwa saa, kwa hivyo pasha chumba nusu saa kabla ya kulala, zima, ingia kwa blanketi. Usilaze hita ikiwaka karibu na nailoni ya godoro.

Na kabla ya yote, gonga mlango wa jirani. Jitambulishe, sema umehamia leo, uliza maji hukauka siku gani. Mpe namba yako, chukua yake. Mwambie, "Nisipoonekana kesho, nigongee." Atacheka, na wewe ucheke, lakini atagonga.

Mwenzako akiamka na kizunguzungu na kuna jiko ndani, usikae kuuliza maswali. Fungua mlango, mtoeni nje kwa hewa, piga 999 ama 112, na mkimbizeni hospitali hata kama anasema ameanza kuskia poa.

Mengine yote yanaweza kungoja. Masufuria utayapanga Jumapili, pazia litapata misumari, hata godoro siku moja litakauka. Usiku wa kwanza kazi yako ni moja tu: kuamka.